Miezi sita ni miezi sita

Bandugu wafanyakazi, na ninyi bamama mnaotungoja nyumbani, leo tunazungumza juu ya kikohozi. Si kile cha mafua. Ni kile kinachopita wiki mbili, chenye jasho ya usiku na mwili unaokonda. Kwetu sisi watu wa shimo, kifua kikuu hakiko ugonjwa wa mbali. Mavumbi ya mawe yenye silika yanaharibu mapafu, na mapafu yaliyoharibika hayana nguvu ya kuzuia kijidudu cha TB.

Dawa iko, na inatolewa bure. Miezi 2 ya kwanza ni dawa 4 pamoja, halafu miezi 4 ya rifampisini na izoniazidi. Lakini tunaona kila mara: mwezi wa pili mutu anasikia nguvu imerudi, anaacha dawa, anarudia kazi. Ugonjwa ukirudi, batu wanasema: "Mwili wake umezoea dawa." Hapana. Mwili haujazoea kitu. Ni kijidudu njo kimebadilika.

Kinabadilika namna gani? Kijidudu kikizaa, kinajigawa mara mbili, na kila upande lazima upate nakala ya maandishi yake ya urithi, yaani jeni. Ni sawa na karani anayenakili kwa mkono orodha ya majina ya timu, kila siku, mwaka kwa mwaka: siku moja atakosea herufi. Kosa lile njo wataalamu wanaita mutasioni. Makosa mengi hayana faida, mengine yanaua kijidudu chenyewe. Lakini kuna jeni inayoitwa rpoB. Inatengeneza kile kipande ambacho rifampisini inakishika ili kukiua kijidudu. Herufi moja ikibadilika fasi ile, dawa inaweza kukosa pa kushika. Ni kama kufuli imebadilishwa: ufunguo ni ule ule, mlango haufunguki.

Kosa la namna hiyo ni la nadra. Kwa rifampisini ni karibu kijidudu 1 kati ya milioni 100; kwa izoniazidi, 1 kati ya milioni. Lakini tundu moja la ugonjwa ndani ya mapafu linaweza kubeba vijidudu milioni 100 na zaidi. Kumbe kile kimoja kinaweza kuwa ndani tayari, mbele hatujameza kidonge cha kwanza. Dawa haikitengenezi, inaua wenzake na kukiachia shamba lote. Juu ya ile njo tunapewa dawa nyingi pamoja: kinachoponyoka moja, nyingine inakikamata.

Sasa, mwenye kuruka siku, mwenye kugawana vidonge na ndugu, mwenye kununua kidonge kimoja barabarani, anavipa vijidudu vilivyobaki nafasi ya kuzaa, na kila kuzaa kunaleta makosa mapya. Kijidudu kilichoshinda dawa hakibaki kwake peke yake. Akikohoa, mtoto ambaye hajameza hata kidonge kimoja anaweza kukipata kikiwa sugu tayari.

Hata hivyo, hatukubali lawama yote iwekwe juu ya mgonjwa. Mutu analipwa kwa siku. Akienda kuchukua dawa, siku ile watoto hawali. Mwingine anaficha ugonjwa juu anajua atafukuzwa. Kode ya Kazi ya mwaka 2002 inasema wazi: ugonjwa unasimamisha kontra, hauivunji mara moja. Bakubwa ba kazi waisome vizuri.

Tunadai mambo matatu. Kwanza, maji wakati wa kutoboa jiwe, si paka maski ya karatasi. Pili, saa ya kwenda kuchukua dawa ilipwe sawa na saa ya kazi. Tatu, kila mwenye kukohoa apimwe makohozi kwa mashini ya GeneXpert, inayosoma ile jeni ya rpoB kwa muda wa saa 2 hivi, ili tujue mapema kama rifampisini bado inafanya kazi.

Na sisi wenyewe, nyumba kwa nyumba, tuhesabiane vidonge. Kusikia nafuu si kupona. Miezi sita ni miezi sita.