Daktari Ni Yule Anayeuliza

Wahenga walinena kuwa kuuliza si ujinga. Methali hii tunaikariri darasani kila muhula, lakini tunapoanza kuota kazi tutakazofanya tunaitupa kapuni. Katika shule yetu wanaotaka kuwa madaktari ni wengi mno. Waulize sababu, utasikia habari za koti jeupe, gari zuri, na heshima ya kuitwa "daktari" hata sokoni. Wachache husema wanataka kutibu watu. Sijamsikia hata mmoja akisema, "Mimi nataka kutafiti." Utafiti, eti, ni kazi ya daktari aliyekosa wagonjwa!

Mimi nayapinga mawazo hayo waziwazi. Daktari wa dharura asiyeuliza maswali ni sawa na mtu anayekumba maji ndani ya mtumbwi bila kutafuta tundu. Atatokwa jasho usiku na mchana, watu watamsifu, na bado mtumbwi utazama. Ili nisiambiwe kwamba napiga domo tu, nitamleta shahidi mmoja: Profesa Jean-Jacques Muyembe-Tamfum wa Kongo.

Muyembe alizaliwa mwaka 1942 katika eneo la Bandundu. Alisomea udaktari Kinshasa, akaenda Chuo Kikuu cha Leuven huko Ubelgiji kusomea virusi, kisha akarudi kwao. Mnamo Septemba 1976 alitumwa Yambuku, kijiji cha mbali kaskazini mwa nchi, ambako watu walikuwa wakifa kwa homa ya ajabu. Wengine walidhani ni homa ya matumbo, wengine homa ya manjano. Alipowatoa wagonjwa damu ili ipimwe, pale alipochoma sindano palivuja damu isiyokatika, ikamlowesha mikono. Glovu hakuwa nazo. Alinawa kwa maji na sabuni, basi.

Hebu fikiri, msomaji. Angeweza kugawa dawa alizobeba na kurudi zake mjini, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini yeye aliuliza: huu ni ugonjwa gani? Alisafiri hadi Kinshasa na mtawa mmoja aliyekuwa mgonjwa, na damu ya mtawa huyo ikapelekwa maabara ya Antwerp, Ubelgiji. Mtawa yule, maskini, alifariki. Lakini ndani ya damu ile kilionekana kirusi ambacho baadaye kilithibitishwa kuwa kipya kabisa, kikapewa jina la mto Ebola. Katika mlipuko huo waliugua watu 318, wakafa 280.

Na ugonjwa ulienea vipi? Wachunguzi walipodadisi waligundua kwamba hospitali ya Yambuku ilitoa sindano 5 tu kila asubuhi, nazo zilitumiwa kwa mgonjwa mmoja baada ya mwingine, pamoja na akina mama wajawazito. Jameni! Sindano iliyokusudiwa kuponya ndiyo iliyokuwa ikisambaza kifo. Waliozishika hawakuwa wabaya. Walikuwa na huruma na bidii, lakini bidii peke yake haikutosha. Ilihitajika mtu wa kuuliza.

Miaka 19 ikapita. Mwaka 1995 Ebola ilizuka Kikwit, na Muyembe akaitambua. Waliugua watu 315, na takriban wanne katika kila watano wakafa. Dawa haikuwapo. Yeye na wenzake wakawaza: ikiwa mtu aliyepona ana kinga ndani ya damu yake, je, damu hiyo haiwezi kumsaidia anayeugua? Wakawaongezea wagonjwa 8 damu ya walionusurika. Wagonjwa 7 wakapona.

Hapa ndipo napenda tusikilizane vizuri. Mtu wa kawaida angepiga vigelegele na kusema dawa imepatikana. Wanasayansi wengine walisema ngojeni kwanza: wagonjwa 8 ni wachache, na huenda wangepona hata bila damu ile. Walisema kweli. Wazo lililofanana na hilo lilipojaribiwa Guinea mwaka 2015 kwa watu wengi zaidi, halikuonyesha faida ya wazi. Lakini swali halikufa. Miaka 11 baada ya Kikwit, mmoja wa walionusurika alitoa damu, na ndani yake watafiti wakapata kingamwili iliyokuwa na nguvu dhidi ya kirusi. Kutokana nayo ikatengenezwa dawa iliyoitwa mAb114.

Dawa hiyo ilipimwa katika dharura yenyewe. Kuanzia Novemba 2018, katika mlipuko uliokuwa mashariki mwa Kongo, dawa nne zililinganishwa kwa wagonjwa 681, na Muyembe alikuwa mmoja wa viongozi wa utafiti huo. Agosti 2019 matokeo yalikuwa wazi. Dawa mbili kati ya hizo nne zilishinda: waliokufa walikuwa kama 35 katika kila 100, ilhali kwa zile nyingine walikufa kama nusu. mAb114 ilikuwa mojawapo ya zilizoshinda. Ugonjwa ulioua wengi mno wa walioupata Yambuku ukaanza kuwa ugonjwa unaotibika.

Najua kuna watakaonipinga. Watasema, "Wee, mtu anakata roho, wewe unamletea karatasi za utafiti? Kwani Mwafrika ni panya wa maabara?" Hoja hii si ya kupuuzwa, maana historia ina visa vingi vya watu waliotumiwa bila ridhaa yao. Lakini tazameni jinsi kazi ile ilivyofanywa. Hakuna mgonjwa aliyepewa maji matupu ili alinganishwe na mwenzake; kila mmoja alipewa dawa iliyotarajiwa kumfaa. Na ilipojulikana kwamba mbili zinashinda, zile nyingine ziliachwa mara moja. Kutojua ipi inafaa na kuendelea kugawa yoyote, huko ndiko kumfanya mgonjwa panya.

Tena, heshima ina upande wa pili. Kwa miaka mingi masimulizi ya ugunduzi wa Ebola yaliwataja Wazungu wa maabarani, na Muyembe akawa wa kutajwa pembeni au kutotajwa kabisa. Mwaka 2019 alitangaza kwamba damu ya wagonjwa wa mlipuko ule itabaki Kongo. Anayetaka kuichunguza na aje huko. Mimi naona alifanya haki. Mwenye kuugua asiwe wa kutoa damu tu, awe pia mwenye swali na mwenye jibu.

Sasa, hayo yanatuhusu nini sisi wa Chama cha Kiswahili? Yanatuhusu sana! Mlipuko wa Kivu na Ituri, wa kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, uliwapata watu 3,470 na kuua 2,287, ingawa chanjo ilikuwapo. Sababu moja ni vita. Nyingine ni kutoaminiana. Uchaguzi uliahirishwa Beni na Butembo kwa sababu ya Ebola, na wengi wakasema ugonjwa ni siasa na biashara. Vituo vya matibabu vilichomwa moto. Na watu hao ni wasemaji wenzetu wa Kiswahili, ila Kiswahili chao ni cha Kivu, kando ya Kinande na lugha nyingine za kwao. Ukiwajia na Kifaransa cha ofisini, au hata Kiswahili sanifu cha vitabuni, wengine hawakuelewi. Waliosaidia mno ni walionusurika, waliorudi kuwalea watoto na kuwahudumia wagonjwa wakizungumza kama majirani.

Kwa hiyo wale wanaotucheka kwamba mwanafunzi wa sayansi hapaswi kupoteza wakati katika chama chetu wamekosea. Swali la daktari lisipoulizwa kwa lugha ya mgonjwa halipati jibu la kweli. Hata hapa Kenya, watafiti wa KEMRI walishiriki majaribio ya chanjo ya malaria, iliyoanza kutolewa magharibi mwa nchi mwaka 2019. Je, nani atamweleza mama wa kijijini kazi ya chanjo hiyo kama si mimi na wewe?

Wenzangu, kukariri sehemu za moyo kutakupa alama, lakini hakutakufanya daktari. Tujizoeze kuuliza tungali hapa. Nanyi walimu wetu wapendwa, tunawaomba mtuvumilie tukiuliza hata maswali yasiyo kwenye silabasi. Napendekeza pia kwamba kuanzia mwaka ujao jarida hili liwe na ukurasa wa maabara, ulioandikwa na wanafunzi wa sayansi kwa Kiswahili wanachoweza kuwasomea nyanya zao. Mwenye hoja ya kunipinga asinung'unike bwenini. Kalamu anayo, na aandike.