Taa ya Kijani Iliyosema Uongo



Ndugu wasomaji, hapa Mbwajumali hatuna reli. Safari zetu ni za bahari, na aliyewahi kuliona gari moshi miongoni mwetu aghalabu aliliona Mombasa. Likizo hii gari moshi lilitufuata wenyewe, likatandikiwa njia yake juu ya meza barazani kwangu.

Mjukuu wangu wa miaka 14 alikuja nalo kutoka Mombasa. Ami yake aliyeko Omani ndiye aliyempelekea. Ni mfano wa treni ya kweli uliopunguzwa mara 87, na upana wa reli zake ni milimita 16.5. Zidisha kwa 87, utapata takriban milimita 1,435, ambao ndio upana wa reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi iliyofunguliwa mwaka 2017.

Pale njia moja inapogawanyika kuwa mbili, kijana alisimamisha nguzo ya ishara yenye vitaa viwili vya LED, chekundu na cha kijani. Umeme aliutoa katika betri ya sola ya volti 12. Akanieleza kwamba mguu mrefu wa kitaa huungwa upande wa chanya na mfupi upande wa hasi, na kila kitaa sharti kiwe na rezista yake, kama ya omu 1,000, la sivyo kitaungua papo hapo.

Jioni moja watoto wa jirani walikuja kutazama. Kazi ilikuwa haijakamilika. Kitaa cha kijani kilikuwa kimeungwa na betri, kwa kujaribiwa tu. Kijana alitaka kukizima. Mimi nikamwambia, "Kiache, kinapendeza." Dada yake mdogo akaona kijani, akaiendesha treni. Kumbe ulimi wa reli pale kwenye njia panda ulikuwa haujakaa sawa. Treni ikaacha njia, ikaanguka sakafuni, ikavunjika. Nikamkemea yule mtoto mbele ya wenziwe kwamba hana uangalifu.

Kaka yake akasema kwa adabu, "Babu, yeye ameifuata ishara. Taa ndiyo iliyosema uongo."

Na aliyeamuru taa ile iachwe ikiwaka ni mimi. Nilimwomba radhi mtoto yule mbele ya wale wale waliosikia nikimkemea, kwani aibu iliyotiwa hadharani haiondolewi faraghani.

Kesho yake kijana alifunga swichi ndogo ya miguu mitatu kando ya njia, ikisukumwa na ulimi wenyewe wa reli. Umeme huingia kwa mguu mmoja na kutokea kwa mmojawapo wa ile miwili: ulimi ukikaa barabara, huwaka kijani, usipokaa, huwaka nyekundu. Sasa hapana awezaye kuwasha kijani kwa sababu kinapendeza.

Nikamuuliza, "Na waya ukikatika?" Akajibu, "Patakuwa giza, Babu, na giza ni kusimama."

Hiyo ndiyo kanuni ya reli za kweli. Katika ishara za zamani zenye mkono wa chuma, waya ukikatika, uzito huurudisha mkono mahali pa kuamrisha kusimama. Mwaka 1872 Mmarekani William Robinson alipata hataza ya kupitisha umeme ndani ya reli zenyewe: treni ikiwa juu yake, au reli ikikatika, umeme haufiki kwenye ishara, nayo huonyesha hatari. Waliotengeneza vyombo hivyo walikubali treni icheleweshwe bure, wala wasikubali iruhusiwe kwa uongo.

Wazee wenzangu, ni mara ngapi tunawasha kijani tusichokijua? Nahodha huulizwa kama maji ya Mkanda yanatosha, akasema "yanatosha" naye hajayatazama. Mzee huulizwa khabari za mchumba, akasema "kijana mwema" ili kikao kipendeze, ilhali hajui swala yake, kazi yake wala hasira zake. Binti akaolewa kwa neno hilo. Nyumba ikivunjika, tunamkemea yeye kwamba hakuvumilia, na aliyewasha taa hatajwi.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufunza kwamba kuondoa udhia njiani ni katika tanzu za imani. Basi na tujihadhari tusiwe sisi wenyewe udhia huo. Ukijua, sema. Usipojua, sema hujui, wala usione haya. Mwenye safari atasimama, atauliza kwingine, na atafika salama.

Mwenyezi Mungu azifanye ndimi zetu kuwa amana kwa wanaozitegemea. Amin.