Fito ya Saa Sita: Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Taasisi ya Elimu Tanzania

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Nakuandikia kutoka Boko kuhusu namna watoto wetu wanavyofundishwa habari za anga. Mtoto wa shule huku kwetu hukutajia sayari zote nane bila kukwama, kuanzia Zebaki hadi Neptuni. Muulize kwa nini mwezi wa jana ulichelewa kuchomoza kuliko wa juzi, atakutazama tu. Amekariri, maana kukariri ndiko kunakompa alama.

Inaniuma, kwa sababu elimu yenyewe tunaishi nayo. Wavuvi wa Ununio na Mbweni wanajua kuwa bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kuliko kawaida, huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Siku hizo jua na mwezi huvuta bahari katika mstari mmoja. Mtoto wa mvuvi anaingia darasani na ujuzi huo, na hakuna anayemuuliza.

Naomba nikuoneshe somo moja lisilohitaji bajeti. Kila mwaka, tarehe 3 au 4 Machi, na tena tarehe 9 au 10 Oktoba, jua hupita utosini kwetu. Simamisha fito ya mita moja uwanjani, uinyooshe kwa timazi, kisha wanafunzi waweke alama kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika tano. Oktoba, inapokaribia saa sita na dakika kumi mchana, kivuli kinarudi nyuma hadi shinani mwa fito, kisha hakipo. Siku hiyohiyo Mtwara, fito kama hiyo inabaki na kivuli cha sentimita sita hivi kinachoelekea kusini, kwa kuwa jua halijafika utosini kwao; litafika tarehe 19 hivi. Arusha lilishapita tangu mwanzoni mwa mwezi.

Walimu wa Boko na Mtwara wakipigiana simu, wanafunzi wao wanaweza kuupima mzingo wa dunia. Kivuli cha Mtwara kinatoa pembe ya nyuzi 3.6 hivi, na kutoka kwetu hadi kwao, kaskazini kwenda kusini, ni kama kilomita 400. Gawanya, zidisha kwa 360, utapata karibu kilomita 40,000. Mwanazuoni Eratosthenes alitumia njia hii Misri zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, na vifaa vyake havikuzidi vyetu.

Ninaposema wanafunzi, nasema wote. Asiyeona atawekewa vigingi na kamba kwenye alama za kivuli, avifuate kwa vidole, na atajua kivuli kimefupika kiasi gani kabla mwenzake hajamwambia. Darasa la watoto mia moja halina nafasi ya kuchungulia darubini moja, lakini uwanja unawatosha. La kusisitiza ni usalama: macho yawe kwenye kivuli, kamwe yasiwe kwenye jua.

Hamu ipo. Tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa likabaki pete, watu walifunga safari hadi Rujewa, Mbarali, kujionea. Kimondo cha Mbozi kiko hapahapa nchini, na uzito wake unakadiriwa tani 16. Pwani hii hii, jirani na Malindi, Kenya, ndiko setilaiti ya Uhuru iliporushwa tarehe 12 Desemba 1970, ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kuchunguza eksirei za anga za mbali. Mtoto wa Bunju akimaliza shule bila kuyasikia haya, kosa si lake.

Ninaloomba ni hili. Somo la fito, daftari la kufuatilia mwezi angani kwa siku thelathini na jedwali la maji kujaa na kupwa viingizwe kwenye kiongozi cha mwalimu kama kazi za lazima. Mkae na Baraza la Mitihani ili mtihani uulize mwanafunzi alichokiona na alichokipima, kwa sababu mwalimu hufundisha kinachoulizwa. Mwongozo wa kurasa mbili ukitufikia kabla ya Oktoba, sisi wazazi wa Boko tutatafuta fito na kamba wenyewe.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mzazi, Boko, Kinondoni