Kipuri Nacho ni Silaha



Tarehe 20 Februari 2002, huko Bieh, kusini mwa Sudan, wananchi walikuwa wamekusanyika kupokea nafaka ya Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Helikopta ya kivita ya serikali ya Khartoum iliwajia juu, ikawamiminia makombora na risasi. Waliokufa hawakupungua 17. Walikuja kutafuta chakula, wakakuta mauti.

Wengi walimlaani rubani na waliomtuma. Sisi twauliza zaidi: ni nani waliyoiwezesha helikopta ile kuruka siku ile?

Helikopta haifanani na jembe, ambalo ukishalinunua walitumia miaka mingi. Zile za aina ya Mi-24, zilizobuniwa katika Muungano wa Sovieti na kutumiwa na Sudan, zina injini mbili na panga kubwa tano. Kila injini, kila panga na kila giaboksi huwekewa kikomo cha saa za kuruka. Saa zikitimia, sharti kifaa kifanyiwe matengenezo makubwa au kibadilishwe. Vumbi nalo hula injini na mapanga kwa haraka. Pasipo vipuri na mafundi, chombo hicho cha kutisha hubaki chuma uwanjani, kuku wakitaga kivulini mwake. Basi auzaye kipuri auza saa za kuruka.

Wafanyabiashara hujitetea kwamba wao hawakuuza helikopta, waliuza beringi na mipira tu. Pilato naye alinawa mikono. Wahenga walisema mkono mmoja hauchinji ng'ombe: yuko ashikaye miguu, yuko anoaye kisu.

Sheria zipo. Azimio 1591 la Baraza la Usalama, la mwaka 2005, lilipanua vikwazo vya silaha vya Darfur viihusu serikali pia, vipuri vikiwemo. Mkataba wa Biashara ya Silaha, ulioanza kutumika mwezi wa Desemba 2014, wazitaja helikopta za mashambulizi waziwazi. Lakini juu ya vipuri, kifungu cha 4 chahusu vile tu vinavyouzwa kwa namna inayowezesha silaha kuundwa. Na kifungu cha 9, kihusucho silaha zinazopitishwa katika nchi nyingine, hakivitaji kabisa. Mlango umetiwa kufuli, dirisha limeachwa wazi.

Jambo hili latuhusu. Kakuma imewapokea wakimbizi wa Sudan tangu 1992. Mwaka 2008 meli ya Faina ilitekwa na maharamia ikiwa njiani kuelekea Mombasa, imebeba vifaru 33. Vifaru huonekana, sanduku la vipuri hupita kimya.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2316, yafundisha kwamba biashara ya silaha yagusa manufaa ya wote, na kwamba wenye mamlaka wana haki na wajibu wa kuidhibiti. Kwa hiyo twawasihi viongozi wa walei walijadili jambo hili katika jumuiya ndogondogo, kisha wamwulize mbunge wao: je, nchi yetu imeuridhia Mkataba huo? Na bandarini, ni nani afunguaye masanduku ya vipuri vya ndege?

Anyamazaye akijua, naye amenoa kisu.

Tumsifu Yesu Kristo.