KONA YA KIINGEREZA: Maneno ya D mpaka D

Mwezi huu tunachukua maneno ya Kiingereza yanayoanza na D na kuishia na D. Ni mengi, tena yanakaa sana kwenye karatasi zetu: fomu, barua za majibu, ubao wa matangazo. Ukisoma haraka haraka utaona yanafanana kama mapacha.

Watoto wa darasa la kwanza wanajua "dad", baba. Ongeza herufi moja tu, "dead", na baba amekufa. Tuingie sasa kwenye yale makubwa.

"Denied" na "deferred" yanaliza watu bure. "Denied" maana yake umekataliwa. "Deferred" maana yake uamuzi umeahirishwa, bado kuna kitu wanakiangalia, pengine afya, pengine karatasi za mtoto aliyezaliwa baadaye. Kesi iko hai. Lakini mtu akidhani amekataliwa, haendi tena kuulizia, na hata jina lake likibandikwa ubaoni hasomi. Na wewe uliyepata "denied", usiikunje barua na kuiweka chini ya godoro. Mara nyingi imeandikwa humo kama unaweza kuomba kesi iangaliwe tena, na una siku ngapi. Siku hizo zinahesabiwa hata kama barua hujaielewa.

"Deceased" na "diseased" ndiyo ya hatari zaidi, maana yanadanganya sikio. "Deceased" ni marehemu. "Diseased" ni mwenye ugonjwa. Sasa uko kwenye mahojiano, unaulizwa, "Is your father deceased?" Wewe unakumbuka "disease", ugonjwa, na kweli mzee ana sukari. Unajibu "yes". Basi, kwenye faili mzee ameshazikwa! Miaka inapita, unaomba baba aunganishwe na familia, wanakuuliza huyu amefufuka lini. Hapo wanaweza kuona kwamba ulidanganya, na wewe hujadanganya hata kidogo.

Sikiliza katikati ya neno: "deceased" ina S kama ya "sisi", na mwishoni inasikika kama T. "Diseased" ina Z kama ya "zizi". Lakini tuseme ukweli, kwenye kelele na wasiwasi ule, nani atasikia S na Z? Omba mkalimani. Kuna vijana wetu waliosoma wanaona aibu kumwomba, eti watu watasema hawajui Kiingereza. Waache waseme. Na kabla ya kusaini, omba usomewe majibu yako.

"Departed" ni ameondoka, kama mtu aliyepanda ndege kwa amani. "Deported" ni amefukuzwa nchini kwa nguvu. Ukiandika kwamba kaka yako alikuwa "deported" wakati alisafiri vizuri tu, umempa sifa ya mtu aliyefukuzwa. Njia ya kukumbuka: ndani ya "deported" kuna "port", bandari. Mtu amesukumwa mpaka bandarini. (Lakini "the departed" ni marehemu pia. Kiingereza ndivyo kilivyo!)

"Displaced" ni aliyehamishwa makazi yake. Wakiongeza "internally" mbele, ni yule aliyekimbia lakini bado yuko ndani ya nchi yake. Sisi tuliovuka mpaka tunaitwa "refugees". "Disabled" ni mwenye ulemavu.

"Divorced" ni aliyeachana na mwenzake kwa talaka. Mama ambaye mume wake alipotea vitani si "divorced", na wala asiandike kwamba ni mjane kama hana habari. Aeleze tu kwamba hajui mume wake alipo.

Zoezi la nyumbani: watoto watafute "delivered" na "delayed" kwenye kamusi, kisha wawaeleze wazazi ni lipi wangependa kusikia kuhusu mgao wa chakula.

Mwezi ujao tunafanya R mpaka T. Tutaanza na "receipt", risiti, ambayo ina P isiyotamkwa.