Nimeucheza Mwenyewe

Naanza kwa kukiri kosa. Mwaka 2024 mwenzetu mmoja alituma katika kundi letu la WhatsApp video fupi ya kuukejeli mchezo mpya wa kompyuta uitwao Tales of Kenzera: ZAU. Msemaji wa video hiyo alidai kwamba mchezo huo ni siasa za rangi zilizovishwa nguo za burudani, na kwamba hakuna mwenye akili atakayeununua. Nilicheka, kisha nikaisambaza kwa wengine. Sikuwa nimeugusa mchezo wenyewe, wala sikujua kwamba mtu anaweza kuucheza kwa sauti za Kiswahili. Na mimi ni mwanafunzi wa Kiswahili!

Mchezo huo ulitoka tarehe 23 Aprili 2024. Uliundwa na Surgent Studios, studio ya Uingereza iliyoanzishwa na Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya. Salim alifiwa na babake, na badala ya kuandika tanzia akaunda mchezo. Ndani yake kijana Zau, mganga anayeanza kazi, anamwendea Kalunga, mungu wa mauti, na kumwomba amrudishie babake. Kalunga anakubali kwa sharti moja: Zau amletee mizimu mitatu mikubwa. Ana vinyago viwili, cha jua na cha mwezi, na kila kimoja kina nguvu zake.

Mwaka huohuo Salim alitoka hadharani kwa video akaeleza kwamba yeye na wenzake wanaandamwa mitandaoni kwa matusi ya kibaguzi. Bei ikashushwa kutoka dola 20 hadi 15 ili watu wengi zaidi waweze kuucheza. Nilipoisikia habari hiyo niliona aibu, maana kicheko changu kilikuwa tone katika mvua ileile.

Desemba binamu yangu anayefanya kazi Kigali alikuja kwetu Kamembe kwa sikukuu, akiwa na kompyuta yake yenye uwezo wa kuendesha michezo mikubwa. Tukaufungua mchezo, tukachagua Kiswahili, tukacheza jioni hadi usiku. Mama alikuwa akichambua sambaza kule nyuma. Mama huuza samaki, na Kiswahili chake ni kile cha huku mpakani, ambacho Bukavu na Kamembe hugawana kama zinavyogawana ziwa. Alisikia sauti ya kijana akimlilia baba. Akaja mlangoni, mikono ikiwa bado na maji.

"Huyu mutoto analilia nani?"

"Baba yake, Mama. Amekufa."

Akanyamaza kidogo. Binamu yangu akanyoosha mkono ili apunguze sauti, kwa heshima. Mama akamkataza: "Mumuache alie." Akavuta kigoda, akakaa nasi hadi umeme ulipokatika.

Ni lazima nieleze kwa nini maneno hayo yalinigusa. Baba yangu alifariki nikiwa kidato cha tatu. Kwetu Rwanda husemwa kwamba machozi ya mwanamume hutiririka kwenda tumboni, nami niliyameza yote, wala hakuna aliyeniuliza yamekwenda wapi. Mchezo ule ulikuwa wa kwanza kunionyesha kijana wa kiume anayelia, anayekasirika, anayekataa kukubali, halafu polepole anajifunza kuishi. Na alilia kwa lugha ambayo mama yangu aliielewa akiwa jikoni.

Je, mchezo huu hauna kasoro? Unazo. Mapigano yake yanarudiarudia, na ni mfupi: tuliumaliza kwa jioni nne. Tena unatangazwa kuwa umechota katika masimulizi ya Wabantu, lakini Impundulu ni ndege wa radi wa Waxhosa na Wazulu, GaGorib anatoka katika masimulizi ya Wakhoikhoi ambao si Wabantu, na Kikiyaon ni kiumbe wa huko Senegambia. Hapo mwanafunzi wa fasihi simulizi ana haki ya kuuliza maswali makali. Ningefurahi kusoma uhakiki wa namna hiyo. Lakini katika video ile niliyoisambaza hakuna hata moja la hayo lililotajwa, kwa sababu ili uyaone ni lazima ucheze. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.

Wapo wanaosema, "Kila mtu ana haki ya maoni yake." Sawa. Lakini maoni juu ya nini? Mtu aliyeonja chakula akasema kina chumvi nyingi ametoa maoni. Aliyesimama barabarani akipiga kelele kwamba mpishi ni mchafu kwa sababu ya rangi yake hajazungumzia chakula hata kidogo. Tukiyaita yote mawili "maoni", tunampa mtukanaji cheo cha mhakiki.

Wapo pia, na baadhi yao ni walimu wetu, wanaosema michezo ya kompyuta ni mambo ya watoto, haistahili insha. Ninawaheshimu, ila nauliza: tangu 2017 Kiswahili ni lugha rasmi ya nchi yetu, na kila mwaka tunaandika kwamba kinapaswa kuingia katika teknolojia. Kimeingia. Kimeingia kwa mlango ambao hatukuutarajia, na sisi tuliokuwa tukikingoja tulikuwa wapi? Wengine tulikuwa tukisambaza video za kukizomea.

Dhihaka ina urahisi wake: haikudai pesa, muda wala moyo. Kupenda kitu hadharani kunakuweka wazi uchekwe. Ndiyo maana wengi wetu huangalia kwanza wengine wamesema nini, halafu ndipo tunajua kama tumefurahi. Mimi nilifurahi, na sihitaji ruhusa ya mtu nisiyemjua.

Julai 2024 studio ile ilipunguza wafanyakazi wake. Mwaka uliofuata, Aprili 2025, mchezo ulipata tuzo ya BAFTA katika kundi la michezo inayovuka burudani. Siitaji tuzo hiyo ili kuwashinda wabishi. Nilikuwa nimekwisha kuupenda kabla yake.

Nilirudi katika lile kundi la WhatsApp nikaandika: "Video niliyoisambaza mwaka jana, niliisambaza bila kuucheza mchezo. Naomba radhi. Sasa nimeucheza." Wawili walicheka. Mmoja, aliyefiwa na babake mwaka uleule, alinitumia ujumbe pembeni akiuliza kama kompyuta ya binamu yangu itarudi Kamembe.