Kichomi si Maradhi ya Kuazima

Lipo dai linalorudiwa na baadhi ya wahakiki wetu kwamba ukiwa wa nafsi na dhiki iliyofichika ni dhamira zilizoletwa katika ushairi wa Kiswahili kutoka Ulaya na Marekani. Ushahidi wao aghalabu ni Euphrase Kezilahabi: kwa kuwa aliacha vina na mizani katika Kichomi (1974), hata maumivu yake, wasema, ni ya kuazima. Dai hili halina mashiko.

Kwanza, linachanganya fani na maudhui. Abdilatif Abdalla alitunga mashairi ya Sauti ya Dhiki (1973) akiwa kifungoni, kati ya 1969 na 1972, kwa sababu ya waraka wake Kenya: Twendapi? (1968). Arudhi zimetimizwa, na upweke umetamalaki. Anayeshikilia kwamba ukiwa ulikuja na shairi huru atueleze diwani hiyo ataiweka wapi.

Pili, ushahidi wa Marekani wenyewe unawasuta. Katika “Richard Cory” (1897), Edwin Arlington Robinson anamsawiri tajiri anayehusudiwa na mji mzima, ambaye hatimaye anajiua. Shairi hilo nalo lina vina na mizani! Tena wanaosimulia ni watazamaji. Cory mwenyewe hatuelezi kilichomsibu. Kwa Abdilatif, mwenye dhiki ndiye msemaji. Na wahenga wetu hawakumngoja Robinson ili waseme kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Tatu, na hili ndilo zito, dai hili linawadhulumu wanafunzi. Tuchukue Magadi, katika Kaunti ya Kajiado: mji uliokua kwa kazi ya kampuni ya magadi iliyoasisiwa mwaka 1911, mwaka uleule wa mkataba wa pili uliowahamisha Wamaasai kutoka Laikipia. Hapo wamekutana vibarua walioacha kwao na wenyeji walioona ardhi yao ikigeuzwa mali ya kiwanda. Mwanafunzi atokaye huko akitunga shairi kuhusu ugeni ndani ya nchi yake, kwa nini tumwandikie pambizoni kwamba ameiga Wamarekani?

Sikatai kwamba Kezilahabi aliwasoma wageni. Kusoma si kuazima maumivu. Kazi ya mhakiki ni kupima jinsi lugha ilivyoibeba dhiki hiyo: taswira zake, ukimya wake, hata jina la diwani, kwani kichomi ni maumivu ya ndani ya kifua ambayo jirani hayaoni. Asiyefanya kazi hiyo hahakiki, anakagua pasipoti.